Kinanda chako kilianzia mikononi mwa fundi saa

Ukitaja Yamaha kibongobongo, bodaboda atawaza pikipiki, mvuvi atawaza mashine ya boti, na mwanakwaya atawaza kinanda. Wote wako sahihi, ila kilichotangulia ni kinanda. Tena kinanda kibovu.

Mwaka 1887, mji wa Hamamatsu, Japani. Shule ya msingi ina ogani ya Kimarekani, ile ya upepo ya kukanyaga kwa miguu, na imegoma. Fundi ogani mjini hakuna. Anaitwa jamaa mmoja ambaye kazi yake ni kutengeneza vifaa vya hospitali, na ujanani alijifunza ufundi saa kule Nagasaki. Anaifungua, anaona tatizo, anaimaliza kazi. Mwingine angechukua chake akasepa. Huyu akachora kila kipande alichokiona ndani, kisha akaenda kuunda ya kwake.

Sasa sikia kilichofuata. Yeye na mwenzake wakaitundika ile ogani kwenye mti, wakaibeba mabegani kuvuka milima ya Hakone mpaka Tokyo, kama kilomita 250, ili wataalamu wa chuo cha muziki waikague. Wataalamu wakaangalia, wakasema umbo zuri, kazi safi, ila sauti hazijapatana. Yaani imetengenezwa vizuri na bado haifai. Jamaa hakununa. Alibaki hukohuko Tokyo akasomeshwa nadharia ya muziki na jinsi ya kupatanisha sauti, akarudi nyumbani, akatengeneza ya pili. Hiyo ikapita. Mwaka 1897 kampuni ikaandikishwa, na jina lake la ukoo ndo hilo unaloliona kwenye kinanda cha kanisa lenu. Zile alama tatu kwenye nembo ni uma za kupimia sauti. Pikipiki zilikuja baadaye sana, mwaka 1955.

Kisa hicho kina jambo ambalo kwaya nyingi zinaligharamia mpaka leo: kinanda kinaweza kuwa kizima kabisa na bado kikasikika kibovu. Jumapili waimbaji wanaanza, sauti zinapishana na kinanda, mwalimu wa kwaya anatoa macho, na wiki hiyohiyo kikao kinakaa kujadili michango ya kununua kingine. Mara nyingi mtoto wa mtu alibonyeza batani ya Transpose. Batani hiyo inahamisha vitufe vyote juu au chini kwa nusu sauti, na baadhi ya vinanda vinakumbuka hata baada ya kuzimwa. Rudisha kwenye 0. Ikiwa bado haieleweki, tafuta Tuning ukiweke 440. Kama napo mambo magumu, vinanda vingi vina njia ya kurudi vilivyotoka kiwandani: unashikilia batani fulani wakati unawasha, na kitabu chake kimeandika ni zipi. Kitabu kimepotea? Kampuni kubwa zimeweka vitabu vya vinanda vyao bure kwenye tovuti zao, hata vya zamani. Dakika kumi za bando dhidi ya michango ya mwaka mzima.

Piano yenyewe ilizaliwa Florence, Italia, karibu mwaka 1700, na uzuri wake mkubwa ulikuwa mmoja: ukigusa polepole inanong'ona, ukipiga kwa nguvu inapaza. Vyombo vya vitufe vilivyokuwa vinatamba kabla yake havikuweza hivyo. Sasa vinanda vya umeme vilipokuja, vingi vilipoteza hilo. Ubembeleze, ukipige ngumi, sauti ni ileile. Mwaka 1974 kampuni ya Roland ikatoa EP-30, piano ya elektroniki ya kwanza kusikia nguvu ya kidole. Na aliyeanzisha Roland alikuwa nani? Fundi saa mwingine.

Huyu alizaliwa Osaka mwaka 1930, akafiwa na wazazi akiwa mdogo sana, akalelewa na babu na bibi. Baada ya vita, akiwa na miaka 16 tu, akafungua duka la kutengeneza saa. Kutoka saa akaingia kwenye redio. Kisha kifua kikuu kikamlaza hospitali kwa miaka, enzi ambazo ugonjwa huo ulikuwa unaua kweli. Alipona baada ya kuwekwa kwenye majaribio ya dawa ya streptomycin, akatoka, akarudi kwenye nyaya zake. Roland aliianzisha mwaka 1972, na jina hilo si lake wala la ukoo wake. Alitaka neno ambalo hata asiye Mjapani atalitamka bila kujing'ata ulimi.

Hiyo kazi ya kusikia nguvu ya kidole inafanywaje leo kwenye vinanda vingi? Chini ya kila kitufe kuna raba yenye vidoti viwili vyeusi vya kaboni. Ukibonyeza, kimoja kinagusa kabla ya kingine. Kinanda hakipimi nguvu kabisa, kinapima muda kati ya mguso wa kwanza na wa pili. Muda mfupi maana yake umepiga kwa nguvu, muda mrefu maana yake umegusa taratibu. Ujanja wa fundi saa huo, kupima sekunde.

Ukishalijua hilo, unaelewa kwa nini kitufe kimoja kwenye kinanda chenu kinapiga kelele kuliko wenzake, au kinatoka siku moja na kugoma siku ya pili. Kidoti kimoja kina vumbi, au unyevu, au soda ya mtu ilimwagika. Dar, Zanzibar, Tanga, Mombasa, hewa yenye chumvi inamaliza vyombo hivi kimyakimya. Dawa yake si kununua kingine. Ni kufungua, kutoa ule ukanda wa raba, kupitisha pamba yenye spiriti ile wanayotumia mafundi simu, kwenye vidoti na kwenye bodi pale vinapogusa, kusubiri ikauke kabisa, kurudisha. Petroli hapana, inaharibu raba. Na ukishafungua usishangae kukuta familia ya mende. Kinanda kinachokaa kwenye stoo yenye giza na joto la transfoma ni hoteli ya nyota tano kwao. Kitambaa cha kufunika kinagharimu kidogo mno kulinganisha na hiyo kazi.

Upande wa Marekani, mwaka 1967, mwalimu kijana wa muziki katika chuo cha Stanford alikuwa anacheza na kompyuta usiku. Si injinia, ni mtunzi. Akawa anaitetemesha sauti moja kwa sauti nyingine, akaongeza kasi ya mtetemo kupita kiasi, na ghafla akaacha kusikia mtetemo. Akasikia sauti mpya kabisa. Chuo kikapeleka ugunduzi huo kwa watengeneza ogani wa Marekani, wakakataa. Yamaha wakauona, wakauchukua. Yule mwalimu mwenyewe Stanford walikuwa wamemwacha aondoke, wakaja kumrudisha baadaye, na leseni ile ikaja kuwaingizia zaidi ya dola milioni 20. Kuna watu walikosa usingizi pale.

Matunda yake yalitoka mwaka 1983: Yamaha DX7. Zile sauti za kinanda za kung'aa kama kengele kwenye nyimbo za mapenzi za miaka ya 80 ndo zenyewe. Lakini DX7 iliweza kutoa noti 16 tu kwa wakati mmoja, na hapa wapigaji wengi wa leo wanajikwaa bila kujua. Kila kinanda kina kikomo cha noti. Ukikanyaga pedali ya kuendeleza sauti usiiachie, noti zinajazana, na ya zamani inakatwa ili mpya iingie. Mtu anadhani spika imekufa, kumbe mguu wake ndo tatizo. Pedali nayo ina vituko: ukiwasha kinanda huku umeikanyaga, vingi vinaisoma kinyume, ukiikanyaga sauti inakatika, ukiiachia inaendelea. Zima, toa mguu, washa.

Mwaka huohuo wa 1983, mwezi Januari, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki California, kinanda cha kampuni ya Kimarekani na kinanda cha Roland viliunganishwa kwa waya. Ukipiga kimoja, kingine kinaimba. Washindani wa kibiashara walikuwa wamekubali lugha moja, MIDI. Yule fundi saa wa Osaka na injinia mmoja wa California, waliolisukuma jambo hilo, walipewa tuzo ya Grammy ya kiufundi mwaka 2013. Miaka 30 baadaye, na lugha ni ileile.

MIDI haibebi sauti, inabeba maagizo: kitufe gani, lini, kwa nguvu gani. Nguvu inaandikwa kwa namba 1 hadi 127. Mtayarishaji anayeweka noti zake zote 127 kwenye kompyuta asilaumu programu biti likisikika kama kengele ya geti. Mkono wa mtu haupigi hivyo. Na kwa sababu vitufe na sauti ni vitu viwili tofauti, kuna mpangilio unaitwa Local Control unaoweza kuvitenganisha. Kinanda kimeunganishwa na kompyuta jana, leo kinawaka taa zote ila hakitoi sauti hata kidogo? Kabla hujakipeleka kwa fundi angalia kama Local iko Off. Angalia pia tundu la hedifoni, maana plagi iliyosahaulika pale inazima spika za ndani.

Casio nao walikuwa watu wa kikokotoo wakaingia muziki mwaka 1980. Waliajiri binti aliyetoka chuoni, aliyekuwa ameandika utafiti wake wa mwisho kuhusu rege, na moja ya kazi zake za mwanzo ikawa kutunga midundo ya kinanda kidogo cha MT-40 cha mwaka 1981. Mdundo mmoja ukaandikwa Rock. Mwaka 1985 Jamaica wakaupunguza kasi, ukawa riddim ya Sleng Teng, na dancehall ikageuka kuwa ya kidijitali. Mdundo uliokuja bure ndani ya kinanda cha bei poa! Anayedharau kinanda kidogo kwa sababu kina vitufe 61 na sauti za kitoto, hiyo ni taarifa yake.

Huku Pwani neno lenyewe limesafiri. Zamani kinanda kilikuwa chombo cha nyuzi cha kupiga kwa vidole, ndugu wa gambusi. Baadaye jina likahamia kwenye ogani na piano, na miaka ya 1990 taarab ya kisasa ilipopamba moto, kinanda cha umeme kikaanza kufanya peke yake kazi za fidla, akodiani na ganuni. Wazee wengine hawajasamehe mpaka leo. Wana hoja, lakini bila kinanda hicho vikundi vingi vya harusi visingeweza kulipa wapigaji kumi na tano.

Kinachoua vinanda vingi kuliko yote si vumbi, ni adapta ya kuazima. Yamaha nyingi ndogo zinatumia volti 12 na chanya iko katikati ya plagi. Casio nyingi za zamani zinatumia volti 9 au pungufu, na katikati ni hasi. Plagi inaweza kuingia vizuri kabisa, taa isiwake, na moshi ukatoka. Kachoro kadogo kenye duara na alama za + na − kako nyuma ya kinanda na kako juu ya adapta, vifanane. Umeme ukikatika, chomoa, subiri urudi na kutulia. Betri zisizotumika zitolewe, zikivuja zinakula chuma.

Na siku ya onyesho, usiweke maiki mbele ya spika ya kinanda. Toa waya nyuma mpaka kwenye miksa. Kama una waya mmoja tu, uchomeke pale palipoandikwa L/MONO. Ukiuchomeka kwenye R, nusu ya piano inabaki ndani ya kinanda na ukumbi mzima hautaisikia.