Fahamu vyama vya "udugu" na "udada" vyuoni Marekani

Ukimsikia mwanafunzi wa Marekani akisema yeye ni "Alpha" au "Delta", anataja chama chake cha chuoni. Vyama vya udugu ni vya wavulana, vya udada ni vya wasichana, na vingi vina majina ya herufi za Kigiriki.

Phi Beta Kappa ndicho kilitangulia, Virginia, mwaka 1776. Wanafunzi weusi waliobaguliwa wakaanzisha vyao: Alpha Phi Alpha (Cornell, 1906) na Alpha Kappa Alpha (Howard, 1908), chama cha Kamala Harris.

Wanachama husaidiana masomo, wengi huishi nyumba moja, na koneksheni za kazi hudumu hata baada ya mahafali.

Tatizo ni majaribio ya kuingia. Februari 2017, Timothy Piazza, 19, wa Penn State alinyweshwa pombe nyingi, akaanguka ngazini na kufariki. Wenzake walikaa karibu saa 12 bila kuita msaada.

Sheria iliyosainiwa Desemba 2024 inavitaka vyuo kutangaza vikundi vilivyokutwa na makosa hayo. Kwa hiyo kabla ya kujiunga, soma kwanza ripoti ya chuo.