Muthiani: kiongozi wa safari moja

Jumatatu ya 30 Desemba 2024, mwendo wa saa tisa alasiri, duara la chuma lilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Upana wake ulikuwa kama mita mbili na nusu, na uzani wake karibu kilo 500. Hakuna aliyeumia. Siku ya Mwaka Mpya, Shirika la Anga za Juu la Kenya likatoa taarifa: kwa uchunguzi wa awali, hiyo ilikuwa pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Vyuma vya aina hiyo hukusudiwa kuungua vinaporudi kwenye hewa ya dunia, au kuangukia baharini mbali na watu. Hiki hakikuungua wala hakikuiona bahari. Kilichagua Mukuku.

Waliokua wakisoma vitabu vya kubuni vya sayansi wanaujua mwanzo wa namna hii. Kitu huanguka kutoka juu, vijana hukikuta, na dunia huwa haiwi tena ile ya jana. Katika mfululizo wa Animorphs wa K. A. Applegate, uliotoka Marekani kati ya 1996 na 2001 kwa vitabu 54 bila kuhesabu vile vya kando, vijana watano wanapita katika jengo lililoachwa nusu, usiku, wanapokutana na kiumbe wa sayari nyingine anayekufa. Kabla ya kukata roho anawapa uwezo wa kujigeuza mnyama yeyote waliyemgusa, na onyo kwamba adui amekwisha kuingia duniani, naye huishi ndani ya vichwa vya watu. Mmoja wa watano hao, Jake, anajikuta kiongozi. Hakuomba wala hakupigiwa kura. Wenzake walimtazama tu, wakasubiri aseme la kufanya, na mtu akitazamwa hivyo kwa muda mrefu huishia kusema.

Nilipofikiria chuma cha Mukuku nilijiuliza jambo la kipuuzi kidogo. Kama hadithi hiyo ingeanzia Ukambani, nchi ya Wakamba iliko Mukuku, Jake wa huko angekuwa nani, na nani angemtazama?

Swali hilo lina majibu katika historia, kwa sababu Wakamba wa zamani waliishi bila mfalme na bila chifu. Waingereza walipofika walitafuta mtu mmoja wa kuzungumza naye, wakamkosa, na hatimaye wakamtengeneza wao wenyewe. Kabla ya hapo, mambo ya utui, yaani kijiji na majirani zake, yaliamuliwa na wazee wa nzama, na ya ibada yalikuwa ya wazee wa ithembo, mahali pa kutambikia. Mtu alipanda ngazi kwa umri, kwa ndoa na watoto, na kwa mbuzi aliowatoa kila alipovuka daraja. Anake, vijana wa kucheza ngoma na kupigana, walikuwa chini kabisa. Mwanake hakufungua mdomo kwenye baraza la wazee.

Lakini nchi ya Kitui na Makueni ni kame, na watu wake walilazimika kutembea. Waliwinda tembo, walifuata malisho, walihamia mabonde mapya, waliteka ng'ombe wa majirani na kutekewa wao. Kazi hizo haziwezi kufanywa na mzee anayetegemea fimbo. Hapo ndipo alipotokea muthiani.

Muthiani alikuwa mwongozaji wa msafara, uwe wa vita au wa kuwinda. Gerhard Lindblom, Mswidi aliyefanya utafiti Ukambani mwaka 1911 na 1912, aliandika juu yake katika kitabu chake kikubwa kuhusu Wakamba. Muthiani hakuteuliwa na serikali, kwa kuwa haikuwapo. Alikuwa mtu aliyejulikana kwa ushujaa na bahati, akaenda kwa mundu mue, mganga wa kupiga ramli, kuuliza kama njia ni nyeupe, kisha akasema anaondoka. Waliomwamini walimfuata. Wasiomwamini walibaki nyumbani, wala hapakuwa na adhabu. Msafara ukirudi na ng'ombe, alipata fungu nono. Kisha akarudi kwake, akawa mtu kama watu, na mkewe akamtuma kuni.

Hilo la mwisho nimeliongeza mimi, lakini jambo lenyewe halina uongo: cheo kiliishia njiani. Uongozi wa aina hiyo ulikuwa mkopo wa safari moja, na safari ikiisha mkopo hulipwa. Ndiyo maana sioni ajabu kama kijana mwenye akili alisita kuubeba. Katika hadithi za kisasa, kusita kwa shujaa huonekana kama unyenyekevu mzuri, pambo la tabia. Ukambani kulikuwa hesabu. Akirudi na watu pungufu, mama zao watamuuliza nani?

Tunayo kumbukumbu moja ya karibu sana ya hesabu hiyo ikidaiwa, nayo haimhusu kijana bali mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, Kivoi wa Mwendwa. Katikati ya karne ya 19, misafara ya Wakamba ya mamia ya watu ilikuwa ikishuka Mombasa na pembe za ndovu, na Kivoi alikuwa bingwa wa njia hiyo. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa akikaa Rabai, alimfuata hadi Kitui mwishoni mwa 1849. Krapf alimwona kuwa chifu. Kivoi hakuwa chifu, alikuwa tajiri anayesikilizwa, lakini kwa mgeni tofauti hiyo ni vigumu kuiona. Ni Kivoi aliyemsimulia habari za mlima wenye kitu cheupe kileleni, na tarehe 3 Desemba 1849, akiwa bado katika nchi ya Ukambani, Krapf aliuona. Jina aliloliandika kutokana na kauli za Wakamba ndilo lililozaa jina la nchi tunayoishi. Watu wa Kitui hulikumbusha jambo hilo kila wapatapo nafasi, na nafasi wanazipata nyingi.

Mwaka 1851 Krapf alirudi. Agosti, Kivoi alifunga safari kuelekea mto Tana, na Mzungu akaandamana naye. Karibu na mto walivamiwa. Kivoi aliuawa pamoja na watu waliokuwa karibu naye, wengine wakatawanyika, na Krapf akajikuta peke yake msituni. Kilichofuata kingemtosha mwandishi yeyote wa visa vya sayari za mbali. Alifika mtoni, akanywa, kisha akafikiria namna ya kubeba maji bila chombo. Alijaza mitutu ya bunduki yake, akaiziba kwa nyasi, na akatia mengine katika ala ya ngozi ya darubini. Ala ikavuja. Alitembea usiku, akajificha mchana, akipapasa njia gizani. Ala ya kifaa cha kuonea mbali sasa ilikuwa kibuyu kinachovuja.

Alipofika kwa watu wa Kivoi, hakupokewa kama aliyenusurika. Aliulizwa kwa nini yu hai ilhali mwenye safari amekufa. Walimwona kama mtu wa dawa, na mtu wa dawa aliyeshindwa kumlinda mwenziwe ana kesi ya kujibu. Alisikia minong'ono ya kutaka kumuua, akatoroka usiku. Krapf aliyaandika hayo kama ukatili wa wenyeji. Ukiyasoma kwa jicho la muthiani, ni watu wanaodai hesabu ya safari, na aliyekuwepo kujibu alikuwa mgeni asiyejua kwamba kwa kuandamana tu alikuwa amedhamini deni.

Ukambani ulikuwa pia na upande wa pili wa hadithi za sayansi, yaani kutazama mbele. Huo ulikuwa wa mwathani, nabii. Syokimau, mwanamke wa milima ya Iveti upande wa Machakos, inasimuliwa kuwa alitabiri nyoka mrefu atakayelala kutoka bahari moja hadi nyingine, na watu wa rangi ngeni wenye lugha kama ya ndege, wanaobeba moto mifukoni. Waliosimulia baadaye walitafsiri: reli, Wazungu, kiberiti. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na ikafika Ziwa Victoria mwaka 1901, ikipitia Kibwezi, Makindu na Emali, ambako leo ni kaunti ya Makueni. Nyoka wa pili, reli ya SGR, alianza kubeba abiria mwaka 2017 akifuata karibu njia ileile. Stesheni ya Syokimau, iliyofunguliwa Novemba 2012 kando ya Nairobi, ina jina lake, kwa hiyo bibi huyo ni miongoni mwa watabiri wachache duniani waliolipwa kwa kupewa stesheni ndani ya utabiri wao wenyewe.

Angalia lakini kwamba nabii huyo hakuongoza jeshi wala msafara. Alisema, wengine wakaamua. Mwathani na muthiani walikuwa watu wawili, na nadhani hekima ya mpango huo ilikuwa hapo: anayeona mbali asiwe ndiye anayeamuru watu watembee usiku.

Ukoloni uliwachanganya. Mwaka 1911 mjane aitwaye Siotune wa Kathuke alipagawa na pepo, na hali hiyo ikaenea miongoni mwa watu. Kiamba wa Mutuavio akayageuza kuwa harakati ya kisiasa, akafika hadi kuunda polisi wake, akidai Ukambani wenye uhuru wake. Serikali ilimfukuza nchini mwake. Mwaka 1922 Ndonye wa Kauti naye alitabiri kuondoka kwa Wazungu, na naye akahamishwa. Sasa nabii na kiongozi wa msafara walikuwa mtu mmoja, na kwa mtu mmoja serikali ilikuwa na dawa.

Dawa hiyo ilitumika tena mwaka 1938. Serikali ilikuwa ikipunguza mifugo kwa nguvu, ikisema ng'ombe wamezidi na ardhi inamomonyoka, na wanyama waliokamatwa wakauzwa kwa bei ya kutupa. Julai, maelfu ya Wakamba, wanaume kwa wanawake na watoto, walitembea kutoka upande wa Machakos hadi Nairobi kutaka kumwona Gavana. Makueni wakati huo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos. Walikaa Nairobi kwa wiki kadhaa. Huo ulikuwa msafara wa kweli: watu walijiunga kwa hiari, wenye lengo moja, wakimfuata aliyewatangulia. Aliyetangulia alikuwa Samuel Muindi Mbingu. Machifu wa serikali walipitwa kando, na hilo liliwaudhi wakubwa kuliko hata kelele za ng'ombe.

Serikali iliyozoea uongozi wa kiti ilipouona umati ilitafuta kiti. Ilimkamata Muindi na kumpeleka Lamu, ambako alikaa hadi mwaka 1946. Kabla mwaka huo wa 1938 haujaisha, mpango wa kuuza mifugo kwa nguvu ulikuwa umeachwa. Wafuasi walirudi na ng'ombe wao, naye muthiani akabaki kisiwani akilipa. Leo kuna barabara ya Muindi Mbingu katikati ya Nairobi, na wengi wanaoipita wakienda sokoni wanaijua kwa vibanda vyake vya maua kuliko kwa mtu mwenyewe.

Turudi kwa hadithi za kubuni, maana huko nako watunzi wetu wameanza kuingia. Mwaka 2009 Wanuri Kahiu alitoa Pumzi, filamu ya dakika 21 kuhusu Afrika Mashariki miaka 35 baada ya vita vya maji. Watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, jasho na mkojo husafishwa na kunywewa tena. Asha, msimamizi wa makumbusho, anapata udongo wenye unyevu, anaomba ruhusa ya kutoka nje kuufuatilia, baraza linamkatalia, naye anatoka. Filamu ilipigwa Afrika Kusini, lakini mtu wa Kitui aliyewahi kufukua mchanga wa mto Tiva wakati wa kiangazi kusubiri maji yajae polepole kwenye kikombe hahitaji kuelezwa chochote. Asha hana wafuasi. Amechukua ule mzigo wa muthiani bila msafara nyuma yake, na maji ya mwisho aliyonayo anaupa mche anaoupanda.

Jake wa Animorphs ana mwisho mkali zaidi, na wazazi wanaodhani vile ni vitabu vya watoto tu hawakuvisoma hadi mwisho. Ndugu yake mwenyewe alitekwa akili na adui tangu kitabu cha kwanza. Katika vita vya mwisho Jake anamtuma binamu yake, Rachel, kwenda kumuua ndugu huyo, na Rachel harudi. Adui anashindwa na dunia inaokolewa. Jake anabaki kijana mzee, amezama katika huzuni. Mwandishi hakumpa sherehe. Safari iliisha, na hesabu ikaletwa kwake.

Huko Mukuku hadithi ilichukua njia nyingine. Hakuna kijana aliyekigusa kile chuma akapata uwezo wa kujigeuza kunguru. Wakazi walipeleka habari kwa wenye mamlaka, maafisa wakaja, wakazunguka mahali pale, na duara likachukuliwa kwa uchunguzi. Kenya, kwa njia, si mgeni wa mambo ya anga: setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, pwani karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru, na ndiyo ya kwanza kutumwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Taifa-1, setilaiti iliyosanifiwa na Wakenya, ilirushwa Marekani tarehe 15 Aprili 2023. Sasa na sisi tunaachia vyuma huko juu.

Katika taarifa yake, Shirika la Anga za Juu liliwashukuru wakazi wa Mukuku kwa kutoa habari haraka. Liliwashukuru wote kwa pamoja, kijiji kizima, bila kumtaja aliyetangulia.