Mtu ni Afya: Namna ya Kumfundisha Mtu Mzima

Mtu mzima hafundishwi kama mtoto. Ana kazi zake, ana ujuzi wa maisha, tena ana haki ya kuuliza: somo hili litanifaa nini? Kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa nchini Tanzania mwaka 1973, ililijibu swali hilo kwa vitendo.

Wananchi wapatao milioni 2 walijiunga katika vikundi, wakajifunza kwa majuma 12. Kwanza walisikiliza kipindi cha redio; kisha aliyejua kusoma akawasomea wenziwe sura ya kitabu; halafu wakajadiliana. Hawakujadili mambo ya mbali, bali maradhi waliyokuwa wakiuguza majumbani mwao: malaria, kuhara, safura, kichocho na kifua kikuu. Kiongozi wa kikundi hakuwa daktari wala mhutubu. Kazi yake ilikuwa kuuliza, kusikiliza, na kumpa nafasi aliyenyamaza. Mwishowe kikundi kilikata shauri: kuchimba vyoo, kufyeka majani, kufukia madimbwi.

Redio ilisema maneno yale yale nchi nzima, lakini shauri lilikuwa la wanakikundi wenyewe, kama ilivyo desturi ya wazee kuketi na kuzungumza mpaka wakubaliane. Choo kilichochimbwa kwa amri huweza kuachwa kibomoke. Kilichochimbwa kwa kuelewa hutunzwa. Basi mwalimu wa watu wazima asipime somo lake kwa wingi wa maneno aliyoyasema, bali kwa kazi iliyofanyika baada ya wanafunzi kutawanyika.