Umelipa kitabu, telefone inakataa: hesabu ya vifaa kwenye vitabu vya elektroniki

Kitabu cha elektroniki kinafika Kasenyi kwa njia ndefu. Mwalimu ao mwanafunzi asiye na karte ya benki anaomba ndugu aliye Kampala ao Bruxelles amnunulie, kisha anakifungua kwa telefone akitumia konti ya yule ndugu. Kinasomeka vizuri mpaka siku anabadilisha telefone. Hapo ujumbe unatokea: konti imefikia mwisho wa vifaa vinavyoruhusiwa.

Kinachozuia ni kufuli iliyowekwa juu ya faili. Maduka mengi ya Ulaya yanatumia ile ya Adobe, kampuni ya Marekani. Kila mashini inapaswa kwanza kuidhinishwa kwa kitambulisho cha Adobe, na kitambulisho kimoja kwa kawaida kinakubali vifaa 6. Kwa mtu wa Paris mwenye kompyuta moja na telefone moja, sita ni nyingi. Kando ya Ziwa Albert hesabu ni ingine kabisa. Telefone inaanguka majini wakati wa kushuka pirogi, ya pili inaibiwa, ya tatu fundi anaiflashi na programu ikiwekwa upya inaweza kuhesabiwa kama kifaa kipya. Ongeza ndugu wawili wanaotumia konti ileile, nafasi zimeisha.

Na nafasi hairudi yenyewe. Kwenye programu ya Adobe Digital Editions, idhini inaondolewa juu ya kompyuta yenyewe, kwa kubonyeza Ctrl, Shift na D pamoja. Telefone iliyozama, nani ataibonyeza? Inabaki kuandikia huduma ya wateja ya Adobe ifute hesabu, na mega zinaenda. Kwa Amazon ni rahisi kidogo: kifaa kilichopotea kinaondolewa kwenye ukurasa wa konti, hata kama hakipo mkononi.

Kwa maduka haya, mnunuzi hapati kitabu, anapata ruhusa ya kukisoma. Julai 2009 Amazon ilifuta ndani ya Kindle za wateja vitabu viwili vya George Orwell, kwa sababu aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na vilivyonunuliwa vikaacha kufunguka. Mara zote mbili pesa zilirudishwa.

Waandishi wanastahili kulindwa. Kongo ina sheria yake ya haki za waandishi tangu tarehe 5 Aprili 1986. Lakini kufuli hii inasumbua aliyelipa. Aliyepokea PDF ya wizi kwa WhatsApp haulizwi kitu.

Anayeuza kompyuta yake aondoe idhini kwanza. Programu ikipendekeza kuidhinisha bila kitambulisho, asikubali, maana kitabu kitabaki kwenye mashini ile moja tu. Na kabla ya kulipa, aulize kama kitabu kina kufuli: kuna wachapishaji, kama Tor Books ya Marekani tangu 2012, wanaouza bila kufuli. Kwa watoto wa shule, African Storybook inatoa hadithi za Kiswahili bure, na mtu anaruhusiwa kuzikopi kwa telefone ngapi anataka.