Paka wa Rabi na Mitaa ya Algiers

Neno la kwanza analotamka paka ni uongo. Amemla kasuku wa nyumbani, na papo hapo amejaliwa ulimi wa watu. Bwana wake anamuuliza kasuku yuko wapi, naye anakana. Ndivyo inavyoanza Le Chat du rabbin, filamu ya katuni ya Joann Sfar na Antoine Delesvaux iliyotoka Ufaransa mwezi Juni 2011. Si katuni ya kutulizia watoto. Paka anadai apewe bar mitzvah, ibada ya kumwingiza kijana wa Kiyahudi katika utu uzima wa dini, ili asitenganishwe na Zlabya, binti wa rabi. Mkuu wa rabi anamweleza kwamba mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na Mungu ni neno. Basi mimi nasema, anajibu paka. Kwa nini nisihesabiwe?

Nimeitazama filamu hii mara nyingi, na kila mara kinachonishika ni imla. Rabi Abraham, mzee wa Algiers ya miaka ya 1920, anaambiwa kwamba hatatambuliwa rasmi mpaka afaulu mtihani wa imla ya Kifaransa. Amesoma Torati tangu utotoni, na Kiarabu ni lugha ya mtaa wake. Kifaransa ndicho cha kupimwa nacho. Mzee mwenye ndevu za mvi anakaa dawatini kama mtoto wa shule, kalamu mkononi, akiogopa herufi ambazo hata hazitamkwi.

Dhiki hiyo ina mizizi mirefu. Mwaka 1845 Wafaransa waliwaundia Wayahudi wa Algeria mabaraza ya dini kwa mfano wa yale ya Ufaransa, na marabi wa kizungu wakaletwa kuwaelekeza wenyeji. Oktoba 1870 ikaja Amri ya Crémieux: Wayahudi wapatao 35,000 wakapewa uraia wa Ufaransa kwa mkupuo mmoja. Jirani zao Waislamu wakabaki watu wa kutawaliwa, na baadaye wakawekewa sheria zao za adhabu. Watu waliochota maji kisima kimoja wakaandikwa katika madaftari mawili. Mimi naliona hilo kuwa jeraha kubwa kuliko tofauti yoyote ya kitabu au ibada. Agosti 1934, katika mji wa Constantine, ghasia ziliwaua Wayahudi 25. Na uraia wenyewe haukuwa wa kuegemea: Oktoba 1940 serikali ya Ufaransa iliyokuwa Vichy iliufuta, na watoto wa Kiyahudi wakafukuzwa shule, akiwemo Jacques Derrida, aliyekuja kuwa mwanafalsafa mashuhuri. Ulirudishwa 1943. Uhuru wa Algeria ulipofika 1962, Wayahudi zaidi ya 100,000 walivuka bahari kwenda Ufaransa.

Sfar alizaliwa Nice mwaka 1971, baba yake akiwa wa jamii hiyo iliyohama. Alianza kuchora hadithi ya paka katika vitabu mwaka 2002, yaani alichora mitaa ambayo ukoo wake ulikwisha kuiacha. Kwa hiyo undugu wa Wayahudi na Waislamu anaouonyesha hauna sukari. Rabi ana jamaa yake, Shekhe Mohammed Sfar, mzee mwenye punda na kinanda cha nyuzi. Huyo Mwislamu na huyu Myahudi wanatumia jina moja la ukoo, na kila mmoja anaamini babu ni wa kwake. Wanabishana, kisha wanaimba. Mwarabu akisikia jina Sfar hufikiria rangi ya manjano, kwa mzizi uleule uliotupa sisi sufuria na safura. Msomaji wa Kiebrania humfikiria mwandishi wa Torati. Katika Afrika Kaskazini, Waislamu na Wayahudi walikuwa wakizuru makaburi ya mawalii walewale, kwa hiyo wazee hawa wawili si ndoto ya mchoraji.

Nusu ya pili ya filamu ni safari. Mchoraji wa Kirusi anatafuta Yerusalemu iliyofichika Ethiopia, na wote wanapanda gari la Citroën lenye minyororo nyuma badala ya magurudumu. Magari hayo yalikuwepo: Oktoba 1924 msafara ulioongozwa na Haardt na Audouin-Dubreuil uliondoka nayo Colomb-Béchar, Algeria, kuikata Afrika, ukagawanyika Kampala, vikundi vingine vikashukia Mombasa na Dar es Salaam. Ndani yake alikuwamo mchoraji wa Kirusi, Alexandre Iacovleff. Wakifika Kongo, wasafiri wa filamu wanakutana na mwandishi kijana wa Kibelgiji na kijibwa chake, anayewafundisha watu asiowajua. Kila msomaji wa Tintin atamtambua.

Hata mwisho wa safari una mfano wake katika historia: mwaka 1867 msomi Joseph Halévy alitumwa kutoka Paris kwenda kwa Beta Israel, Wayahudi wa Ethiopia. Alipowaambia kwamba yeye ni mwenzao, walimtazama ngozi wakashangaa: Myahudi mweupe anatoka wapi? Jambo kama hilo ndilo linalowapata wasafiri wa Sfar. Yerusalemu ipo, nzuri kuliko walivyoiota. Wenyeji weusi wanatoka, wanawakagua wageni, wanawaambia kwamba Wayahudi ni watu weusi, kila mtu anajua. Wageni wanarudishwa walikotoka.