Siri ya Uangavu wa Konea

Mbele ya jicho pana utando mgumu, angavu, uitwao konea. Unene wake katikati ni karibu nusu milimita, na ndani yake hamna mishipa ya damu. Sehemu kubwa ya unene huo, kama tisa ya kumi, ni tishu unganishi iliyojengwa kwa nyuzi za kolajeni, protini ileile inayoipa ngozi na mifupa uimara wake. Weupe wa jicho nao, unaopakana na konea, umejengwa kwa kolajeni. Kwa nini basi tishu moja ipitishe mwanga na jirani yake iuzuie? Jibu lilichukua karibu karne nzima kupatikana.

Hatua ya kwanza ilitoka Ujerumani. Mwaka 1873 Theodor Leber alionyesha kwamba seli zinazotandika upande wa ndani wa konea huzuia maji ya jicho yasipenye. Zikiharibiwa, konea huvimba na kuwa na ukungu. Jambo hili lilikuwa zito kuliko lilivyoonekana wakati ule. Nyuzi zilikuwa bado zipo zote, na kilichoongezeka ni maji tu, lakini uangavu ulitoweka.

Madaktari wa upasuaji hawakungoja maelezo yakamilike. Tarehe 7 Desemba 1905, katika mji wa Olomouc, uliokuwa wakati huo chini ya Austria na Hungaria, Eduard Zirm alimpandikizia konea mfanyakazi aliyekuwa ameunguzwa macho na chokaa. Konea hiyo ilitoka kwa mvulana wa miaka 11 ambaye jicho lake lililoumia lilikuwa limelazimika kuondolewa. Upandikizaji wa jicho moja la mfanyakazi yule ulishindwa, lakini katika jicho la pili konea ilibaki angavu, na mtu huyo akaona tena. Kwa hiyo ilijulikana kwamba konea inaweza kuhama kutoka mwili mmoja hadi mwingine bila kupoteza uangavu, ingawa chanzo cha uangavu wenyewe hakikujulikana.

Maelezo yaliyokubalika kwa muda mrefu yalikuwa mepesi. Karatasi ikimwagikiwa mafuta huanza kupitisha mwanga, kwa sababu mafuta hujaza nafasi kati ya nyuzi zake na kuupinda mwanga kwa kiasi kinachokaribiana na nyuzi zenyewe. Ilidhaniwa kwamba ndivyo ilivyo katika konea: nyuzi na ute unaozizunguka huupinda mwanga sawasawa, na hivyo mwanga hauna mahali pa kutawanyikia.

Mwaka 1957 David Maurice, mtafiti wa London, aliupima mpindo huo akakuta nyuzi na ute vinatofautiana sana. Kwa hesabu zake, kama kila uzi ungeutawanya mwanga peke yake, sehemu kubwa ya mwanga ingepotea kabla ya kuingia jichoni. Alipendekeza kwamba siri imo katika mpangilio. Nyuzi za konea ni nyembamba, takriban nanomita 30 kila moja, zina unene karibu sawa na zimekaa kwa nafasi zinazolingana. Hivyo mawimbi yanayotawanyika pembeni hufutana, na yanayokwenda mbele huimarishana. Katika weupe wa jicho, nyuzi nyembamba zimechanganyika na nene, na zimesukanasukana bila utaratibu huo.

Maurice alidai mpangilio kamili kama wa fuwele, na hapo ndipo alipopingwa. Mwaka 1967 Goldman na Benedek walichunguza konea ya papa, wakaona kwamba inapitisha mwanga vizuri ijapokuwa nyuzi zake hazijapangika kwa ukamilifu huo. Miaka miwili baadaye Hart na Farrell, nchini Marekani, walionyesha kwa hesabu kwamba yatosha kila uzi uwe na umbali wa kadiri kutoka kwa majirani wake wa karibu. Kwa maoni yangu, hawakumwangusha Maurice. Walilegeza sharti lake na kuliacha wazo lake likiwa imara zaidi. Na hoja yao inaueleza pia ukungu wa Leber: maji yakizidi, husukuma nyuzi kando na kuacha mianya mikubwa isiyo na nyuzi, na hapo mwanga hutawanyika.

Elimu hii ya nyuzi imefika kliniki. Katika ugonjwa wa keratokonasi, ambao John Nottingham wa Uingereza aliueleza kwa kina mwaka 1854, konea hudhoofika, hupungua unene na kuchongoka kama pia. Mwaka 2003 Wollensak, Spoerl na Seiler walitangaza matokeo ya tiba waliyoijaribu Dresden: konea hutiwa matone ya vitamini B2, kisha humulikwa kwa miale ya urujuanimno, ili kolajeni ishikamane zaidi. Tiba hii huzuia ugonjwa usiendelee, lakini kwa kawaida hairudishi umbo la awali, na ndiyo maana kuwahi ni muhimu. Kufikicha macho mara kwa mara ni miongoni mwa mambo yanayohusishwa na ugonjwa huu. Mtoto anayefikicha macho kwa sababu ya mzio atibiwe mzio huo, na kijana ambaye miwani yake inabadilishwa kila mara apelekwe akapimwe konea.