Luger: bastola yenye goti, askari wenye moshi

Ukitaja bunduki za Mjerumani, wengi wetu picha inayotujia ni ile bastola ya kwenye filamu za vita: mtutu mwembamba, mpini ulioinama. Hiyo ndiyo Luger. Hebu tuifungue tuone inavyofanya kazi, halafu tuulize: huku kwetu Kagera aliishika nani?

Asili yake ni bastola ya Hugo Borchardt ya mwaka 1893. Ilifanya kazi, ila ilikuwa kubwa mno. Georg Luger, Mwaustria, akaipunguza. Jeshi la Uswisi likaichukua 1900, jeshi la majini la Ujerumani 1904, na jeshi la nchi kavu 1908. Ndiyo maana ikaitwa P08.

Siri yake ni goti. Ukisimama wima, mguu ulionyooka unabeba mwili mzima bila taabu. Sasa mtu akugonge nyuma ya goti: unakunjika papo hapo. Ndani ya Luger kuna vyuma viwili vilivyoungwa hivyohivyo. Risasi inapolipuka goti limenyooka, kwa hiyo limefunga. Kisha mtutu na goti vinarudi nyuma kidogo kwa pamoja, goti linagonga mteremko wa chuma, linakunjika kwenda juu, na ganda tupu linaruka nje. Springi iliyo kwenye mpini inalinyoosha tena, risasi nyingine inaingia. Yaani nguvu ya risasi moja inaandaa inayofuata, mpaka zote 8 ziishe. Tatizo ni kwamba vipande vyake vinabana sana, kwa hiyo uchafu au risasi dhaifu huikwamisha.

Lakini bastola ilikuwa silaha ya afisa. Mwaka 1914 askari wengi Waafrika wa jeshi la Wajerumani huku walikuwa bado na Mauser ya 1871: risasi mojamoja, baruti ya moshi. Ukifyatua tu, wingu jeupe linamwonyesha adui ulipojificha. Kumbe Ujerumani kwenyewe bunduki isiyo na moshi ilikuwepo tangu 1888!

Hilo halikuwa jambo la bahati mbaya tu. Mwaka 1890, mwaka uleule Emin Pasha alioanzisha kituo cha Bukoba, mataifa makubwa yalitia saini mkataba wa Brussels uliobana uingizaji wa bunduki za kisasa Afrika. Kahigi, Mukama wa Kianja aliyekaa hapa Kanazi, alikuwa rafiki mkubwa wa Wajerumani. Hata hivyo, urafiki ni kitu kimoja, na ufunguo wa ghala la silaha ni kitu kingine.

Tarehe 22 na 23 Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa kutoka Kisumu, wakaipiga Bukoba, wakaangusha mnara wa simu ya upepo, na mji ukaporwa.

Kwa hiyo ukikaa na wazee wa Kanazi wakakusimulia vita vya Mjerumani, usiishie kuuliza nani alishinda. Uliza pia babu zao walipewa bunduki gani.